Mkono Usiosema Uwongo
Fundisho kwa wakatekumeni juu ya Isaka na Rebeka



Katika Kitabu cha Mwanzo imeandikwa habari moja fupi ambayo wengi huisoma upesi na kuipita. Ni habari ya Isaka, mwana wa Abrahamu, na ya Rebeka mkewe. Leo tutakaa kidogo katika habari hiyo, na tutaitazama kwa msaada wa picha moja iliyochorwa katika nchi ya Uholanzi, sasa yapata miaka mia tatu na hamsini na zaidi. Mtauliza: Picha ya Wazungu wa zamani yatufaa nini sisi tunaojitayarisha kupokea ubatizo? Yatufaa, kwa maana inatuuliza neno ambalo kila mume na kila mke ataulizwa mbele ya Mungu: Mkono wako unasema nini juu ya mwenzako?

1. Uwongo wa Isaka

Njaa iliingia katika nchi. Isaka akahama pamoja na watu wake, akafika Gerari, mji wa Abimeleki, mfalme wa Wafilisti. Huko alikuwa mgeni, hana ukoo wa kumtetea. Rebeka alikuwa mwanamke mzuri wa sura, naye Isaka akaogopa moyoni, akidhani kwamba watu wa mahali pale watamwua ili wamchukue mkewe. Basi walipomwuliza habari za mwanamke yule, akajibu kwamba ni dada yake.

Angalieni jambo hili. Isaka ni mtu wa ahadi. Baba yake ni Abrahamu, rafiki wa Mungu. Hata hivyo hofu ilimshinda, akamkana mkewe mbele ya watu. Maandiko Matakatifu hayafichi makosa ya wazee wetu wa imani. Yanatuonyesha wazi, kusudi tujue kwamba neema ya Mungu ilifanya kazi ndani ya watu wenye udhaifu kama wetu.

Siku nyingi zikapita. Halafu siku moja mfalme Abimeleki akachungulia dirishani, akamwona Isaka akicheza na Rebeka kwa namna ambayo mtu hachezi na dada yake. Akafahamu mara moja. Akamwita Isaka, akamkemea kwa uwongo wake, maana mtu mmoja wa mji angaliweza kulala na mke wa mtu bila kujua, na hatia ingaliwaangukia wote. Kisha akatoa amri: yeyote atakayemgusa mtu huyu au mkewe, sharti afe.

Je, ni nani aliyemshitaki Isaka kwa mfalme? Hakuna mtu. Mkono wake mwenyewe ulimshitaki. Mdomo ulisema "dada", mkono ukasema "mke". Wazee walinena kweli: Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

2. Fundi wa Amsterdam

Mchoraji wa picha yetu aliitwa Rembrandt. Alizaliwa mwaka 1606 katika mji wa Leiden, baba yake akiwa mwenye kinu cha kusaga nafaka. Miaka yake mingi aliishi Amsterdam, akafa huko mwaka 1669. Hakuwa mwana wa Kanisa Katoliki. Lakini aliipenda Biblia, akachora habari zake tangu ujana hata uzee.

Picha ya Isaka na Rebeka aliichora katika miaka yake ya mwisho, kati ya mwaka 1665 na mwaka 1669 hivi. Upana wake ni sentimeta 166 hivi, na kimo chake sentimeta 121 hivi. Leo imo katika jumba kubwa la makumbusho la Amsterdam, liitwalo Rijksmuseum. Watu wamezoea kuiita "Bibi Arusi wa Kiyahudi". Jina hilo halikutoka kwa fundi mwenyewe. Lilizuka baadaye, katika karne ya 19. Wataalamu wengi wanasadiki kwamba watu wawili wa picha hiyo ni Isaka na Rebeka. Sababu yao moja ni mchoro mdogo wa wino wa Rembrandt, unaoonyesha mume na mke wameketi pamoja, na mtu anawachungulia kutoka juu.

Lakini katika picha kubwa ya rangi, mfalme hayumo. Dirisha halimo. Nyuma ya wale wawili kuna giza tu. Fundi amemwondoa mwenye kuchungulia. Je, nani anawatazama sasa? Ni wewe unayesimama mbele ya picha. Umewekwa mahali pa Abimeleki, uone kwa macho yako lile aliloliona yeye.

3. Jinsi rangi ilivyopakwa

Sikieni sasa jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Wachoraji wa wakati ule walisaga mawe na udongo wenye rangi, na weupe uliotoka katika madini ya risasi, wakavichanganya na mafuta ya mbegu za kitani. Kisha walipaka rangi hiyo kwa brashi juu ya kitambaa kilichowambwa penye fremu ya mti, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Wengi walipenda kuilainisha rangi, hata alama ya brashi isionekane popote. Gerrit Dou, aliyejifunza kazi kwa Rembrandt huko Leiden, alipata sifa kubwa kwa picha zake zilizo laini kama kioo.

Rembrandt katika uzee wake alishika njia nyingine. Tazameni vazi la Isaka. Ni la rangi ya dhahabu, na mkono wake wa nguo ni mpana sana. Hapo rangi ni nene. Imelundikwa, imekwaruzwa, imekandamizwa, pengine kwa kisu bapa mahali pa brashi. Mmepata kuona mama anayesiriba ukuta wa nyumba kwa udongo. Kiganja chake kinapita, na hata udongo ukisha kukauka alama za vidole vyake zinabaki. Ndivyo ilivyo nguo ile. Ukiikaribia huoni kitambaa. Unaona mabonge na mikwaruzo. Ukirudi nyuma hatua chache, mabonge yale yanashika nuru ya chumba, na nguo yote inang'aa kama dhahabu.

Mwandishi mmoja Mholanzi, Arnold Houbraken, aliandika mwaka 1718 kwamba Rembrandt aliwavuta nyuma watu waliokaribia mno picha zake, akiwaambia kwamba harufu ya rangi itawadhuru. Labda alitania. Lakini alijua kwamba kazi yake yataka kutazamwa kwa nafasi na kwa saburi.

Basi fundi huyu hakuficha kazi ya mkono wake. Kila anayeitazama nguo ile anafahamu: hapa mtu alitaabika, hapa alirudia, hapa alikandamiza kwa nguvu. Lakini alipofika penye nyuso na mikono ya wale wawili, alipunguza nguvu, brashi ikatembea kwa upole. Kwa hiyo jicho la mtazamaji linavutwa kwanza na dhahabu ya vazi la mume na wekundu wa gauni la mke, kisha linafika mahali pa kimya katikati ya picha, pale mikono inapokutana.

4. Mikono inayokutana

Mkono wa kushoto wa Isaka umepita nyuma ya Rebeka, umetua begani mwake. Mkono wake wa kuume umewekwa juu ya kifua cha mkewe. Naye Rebeka ameinua mkono wake wa kushoto, vidole vyake vimegusa mkono wa mumewe, kwa wepesi, kama mtu agusaye kitu cha thamani alichopewa. Mkono wake wa pili umetulia chini, juu ya gauni.

Yamkini mmoja wenu ataona haya, aseme: Je, picha ya mwanamume aliyeweka mkono kifuani pa mwanamke yafaa kuonyeshwa katika gazeti la dini? Nitamjibu. Angalia mkono ule vizuri. Haushiki kama mtu anayenyang'anya. Haukamati kama mtu ashikaye mali yake sokoni. Umelala wazi, umetulia, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Tena tazama nyuso zao. Hawacheki, wala hawatazamani. Macho yao yametulia mbali kidogo, kila mmoja katika mawazo yake, lakini mawazo yao ni mamoja. Hapana tamaa ya aibu hapa. Hapa pana amani ya watu wawili wasioogopana.

Mungu ndiye aliyeumba mume na mke. Ndiye aliyewafanya kuwa mwili mmoja. Ndoa haikuanza na Shetani. Kwa hiyo mapendo ya watu wa ndoa, yakiwa safi na ya heshima, si kitu cha kuonewa haya mbele ya Mungu. Kitu cha kuonewa haya ni mkono unaopiga. Kitu cha kuonewa haya ni mkono unaochukua bila kuuliza.

Katika mwaka 1885 mchoraji mwingine Mholanzi, Vincent van Gogh, alikwenda Amsterdam kuiona picha hii. Huyo, kabla ya kuwa mchoraji, alikuwa amewahubiria neno la Mungu wachimba makaa ya mawe huko Borinage, katika nchi ya Ubelgiji, akiishi maskini kama wao. Rafiki aliyefuatana naye alisimulia kwamba Van Gogh aliketi mbele ya picha, akakataa kuondoka. Alisema angekubali kutoa miaka kumi ya maisha yake, apate kukaa pale siku kumi na nne, hata kama chakula chake ni mkate mkavu tu. Mtu aliyeijua shida ya wachimbaji na jamaa zao aliona katika mikono ile kitu kinachopita dhahabu.

5. "Ndiyo" ya Rebeka

Turudi katika Maandiko. Mwakumbuka jinsi Rebeka alivyoolewa. Mtumishi wa Abrahamu alisafiri mbali, akamkuta kisimani, naye akampa maji ya kunywa, akawatekea na ngamia wake. Mtumishi akatoa vyombo vya fedha na dhahabu na mavazi, akampa Rebeka. Akawapa pia kaka yake na mama yake zawadi za thamani. Wazee wetu wangesema: mahari imepokewa, neno limekwisha. Kumbe halikwisha! Asubuhi walimwita msichana mwenyewe, wakamwuliza kama anakubali kwenda na mtu yule. Naye kwa kinywa chake akakubali.

Mshike neno hilo, wazazi mnaonisikia. Mama Kanisa anafundisha kwamba pasipo kukubaliana kwa hiari kwa mume na mke hapana ndoa, hata mahari ikiwa ng'ombe mia. Msichana aliyelazimishwa hakufunga ndoa. Ndiyo sababu padri anawauliza wote wawili mbele ya mashahidi, mume kwanza, kisha mke, na kila mmoja anajibu kwa sauti yake.

Ninapofikiri vidole vya Rebeka juu ya mkono wa Isaka, ninaona "ndiyo" ile ya asubuhi, ambayo mke anaendelea kuisema kila siku. Isaka hakuitwaa mara moja akaiweka sandukuni. Alioa akiwa na miaka arobaini. Rebeka alikuwa tasa, na wana wao mapacha walizaliwa Isaka akiwa na miaka sitini. Hesabuni wenyewe: miaka ishirini ya kungoja. Maandiko hayasemi kwamba alimfukuza mkewe, wala kwamba alitwaa mwanamke wa pili. Yasema alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe. Ewe mume ambaye ndugu zako wanakuambia, "Mwanamke huyu hazai, mrudishe kwao," jifunze kwa Isaka. Kwanza piga magoti.

6. Mzigo ulioachiwa mwanamke

Msidhani kwamba fundi aliyechora upendo huu alikuwa ameishi bila kosa. Mwaka 1634 alimwoa Saskia. Watoto wao watatu walikufa wachanga, mmoja tu akakua, jina lake Titus. Na Saskia mwenyewe akafa mwaka 1642, hata miaka thelathini hajatimiza. Baadaye Rembrandt aliishi na Hendrickje Stoffels kama mume na mke, bila ndoa. Wosia wa Saskia ulikuwa umeweka kwamba akioa tena atakosa faida ya mali yake. Mwaka 1654 Hendrickje, akiwa na mimba, aliitwa mbele ya baraza la kanisa la Kiprotestanti alimokuwa mshiriki, akakemewa, akanyimwa kushiriki Meza ya Bwana. Rembrandt hakuhukumiwa pamoja naye, maana hakuhesabiwa mshiriki. Mwaka 1656 fundi alifilisika, vitu vyake vikauzwa, na nyumba yake pia. Hendrickje alibaki naye katika umaskini huo mpaka alipokufa mwaka 1663.

Nawaeleza mambo haya bila nia ya kumhukumu marehemu. Hukumu ni ya Mungu. Nawaeleza kwa sababu yanafanyika vijijini mwetu. Wawili wanaishi pamoja, ndoa inaahirishwa mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya mahari isiyokwisha, au kwa ajili ya urithi, au kwa uvivu tu. Na aibu inamwangukia nani? Inamwangukia mwanamke. Yeye ndiye anayeonyeshwa kidole kisimani. Yeye ndiye anayebaki nyuma wenzake wakienda kukomunika. Naye mwanamume anapita kati ya watu kama kwamba haimhusu. Wanaume, haifai. Ikiwa unampenda, nenda naye kwa katekista, nenda naye kwa padri, kwa miguu yako mwenyewe, upesi. Usimwache abebe peke yake mzigo wa wawili.

7. Wanaotuchungulia

Neno la Isaka halikufa huko Gerari. Wangapi miongoni mwetu huenda machimboni au mjini kutafuta franka, na wakifika huko husema, "Mimi sina mke"? Isaka alisema uwongo kwa kuogopa kifo. Hawa wanausema kwa kutafuta uhuru wa kufanya dhambi. Na huko nyumbani mke analima peke yake, anauguza watoto peke yake, akiulizwa na jirani anatetea jina la mumewe. Mwenye kumkana mkewe mbele ya watu, atawezaje kumkiri Kristu mbele ya watu?

Wengine hufanya kinyume cha Isaka, na kosa lao ni kubwa zaidi. Mdomo wao wasema "mke wangu mpenzi" siku ya Dominika mbele ya kanisa, na jioni, pombe ikisha kuingia, mkono wasema neno lingine. Watoto husikia lugha ya mkono kabla hawajajua kusoma. Jirani naye husikia, kwa maana ukuta wa udongo ni mwembamba.

Kumbukeni kwamba Abimeleki hakuwa mtu wa agano. Hata hivyo alijua haki, akamwonya mwana wa Abrahamu. Vivyo hivyo, wasiobatizwa wanaokaa karibu nasi wanachungulia dirishani mwetu kila siku. Hawasomi katekisimu yetu. Wanasoma jinsi mume anavyompokea mkewe akirudi shambani na mzigo wa kuni kichwani. Wanasoma jinsi mke anavyompokea mumewe akirudi mikono mitupu. Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba mume ampende mkewe kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Mikono ya Kristu haikulipiga Kanisa. Ilipigiliwa misumari kwa ajili yake. Huo ndio mfano wetu. Tena fundi yeyote wa rangi, hata awe hodari namna gani, hawezi kuumaliza.

Basi ninawapeni kazi ya juma hili, ninyi nyote mlio na wenzi na ninyi mnaotazamia ndoa. Kila jioni, kabla ya sala, mtu atazame mikono yake miwili, ajiulize kwa kimya: Leo imemwambia mwenzangu nini? Ikiwa imesema vibaya, aende kwanza kwa mwenzake akaombe msamaha, ndipo apige magoti pamoja naye. Na aliyemkana mkewe huko ugenini, amtumie habari, amtumie na matumizi, kisha arudi nyumbani.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyesikia sala ya Isaka kwa ajili ya mkewe, utusikie na sisi. Utuondolee hofu inayotufundisha uwongo. Uitakase mikono yetu kabla haijaguswa na maji ya ubatizo, ipate kuwa mikono ya kulea, ya kufariji na ya kubariki. Uwape mapatano watu wa ndoa, uwape ujasiri wanaochelewa, uwafute machozi wanaobeba aibu peke yao. Kwa njia ya Yezu Kristu, Bwana wetu. Amina.